Viti Hivi Vina Wenyewe

Mchungaji, wazee, akina mama, majirani wa Mutuini, mafundi wenzake marehemu kutoka Jamhuri, na wewe dada wa kamera ambaye hakuna mtu wa nyumba hii aliyekualika, nawasalimu nyote. Mimi ni Dedan Musembi Kithome, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake leo Jumamosi, tarehe 23 Mei 2009. Kwenye programu nimeandikiwa dakika kumi, nami nasema mapema kwamba hazitatosha, mwenye haraka na akanywe chai kule nyuma, lakini wewe dada usiondoke, piga picha zote, usizime hata mara moja, kwa sababu aliyekutuma, Bwana Zadock Sifuna, ambaye ameketi pale safu ya tatu na miwani yake nyeusi, atataka kuyasikia haya tena akiwa kwake. Nitamfikia, asiwe na wasiwasi.

Marehemu Haron Mwololo Kithome alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 huko Mwala, wilaya ya Machakos, kifungua mimba wa mzee Kithome Musembi na mama yetu Ndunge, wote wawili wameshatangulia. Baba yetu alikuwa fundi wa viti, vile viti vidogo vya miguu mitatu vinavyochongwa kutoka gogo moja, vikapambwa usoni kwa waya wa shaba unaopigiliwa ndani ya mbao kidogo kidogo mpaka ukafanya miduara, na kazi hiyo aliipokea kwa babake, naye babake kwa babake. Siwezi kuwasemea Wakamba wote, kila nyumba ilikuwa na taratibu zake, ila katika nyumba ya Kithome utaratibu ulikuwa huu, kwamba gogo halikatwi kabla hajajulikana atakayelikalia. Mtu alikuja, akaketi chini kwenye vumbi, awe chifu awe mchunga mbuzi, akaulizwa jina lake na jina la babake na mahali alipozaliwa, ndipo fundi akaamua miduara itakaa vipi, na kiti kilipokamilika jina la mwenyewe liliwekwa chini yake kwa waya. Kiti kisicho na jina baba alikiita kuni, na siyo kwa mdomo tu, niliona kwa macho yangu akivitia viwili motoni kwa sababu mnunuzi alikataa kutaja jina la babake.

Kuhusu masomo, marehemu aliingia darasa la kwanza Januari 1947 na kutoka darasa la nne Desemba 1950, baba alipomtoa ili amshike mkono kazini, na hakutolewa kwa sababu ya uzito wa kichwa, maana hesabu alinishinda mpaka alipoingia hospitalini. Mimi niliachwa niendelee, karo yangu ikatoka kwenye tezo yake, kwa hiyo Kiswahili hiki ambacho wengine wenu mmekuwa mkikisifia tangu asubuhi ni jasho la huyu aliyelala hapa mbele yenu, na sioni haya kulisema hilo.

Alifika Nairobi Januari 1961 na kuajiriwa kwenye karakana moja ya samani Industrial Area, akatengeneza meza za ofisi miaka kumi na tatu, meza ambazo alisema hazina sura wala nasaba, mpaka Machi 1974 alipojitoa na kufungua kibanda chake pale Jamhuri, karibu na ua wa uwanja wa maonyesho, jirani na fundi Ephantus, yule pale amesimama kando ya hema, ambaye wamegawana naye kivuli, chai na matusi ya mzaha kwa miaka thelathini na mitano. Hapo ndipo alipovirudia viti vya baba.

Tarehe 19 Desemba 1964 alifunga ndoa na shemeji yangu Kavinya, mwanamke mwenye subira kuliko mtu yeyote ninayemjua, wakabarikiwa watoto watatu, Syombua aliyezaliwa mwaka 1966, Kithome aliyezaliwa Septemba 1969, miezi miwili tu baada ya baba yetu kuaga, na Mwikali wa mwaka 1973, na wajukuu saba. Ploti hii tulipokusanyika waliinunua mwaka 1979, wakati Mutuini ilikuwa mahindi na matope tu, na kiti cha baba yetu, kile alichojichongea mwenyewe, kiliondoka Mwala na kutundikwa ukutani kule kibandani Jamhuri, juu sana, mahali ambapo asingefika mtu wa kukikalia.

Sasa naomba mama mmoja ainue mkono ili mumwone, huyo mwenye sari nyeupe, ni Mama Hemlata, ambaye duka lake la vitu vya sanaa lilikuwa Mtaa wa Biashara katikati ya jiji, na kuanzia mwaka 1976 mpaka alipolifunga mwisho wa 2003 aliuza viti vya kaka yangu kwa masharti ya kaka yangu. Watalii waliingia wakitaka kubeba kiti siku hiyo hiyo, naye akawaketisha, akawaeleza kwamba kiti hakipo mpaka fundi ajue ni cha nani, akawaandika jina na jina la baba na mahali pa kuzaliwa, akawaambia warudi baada ya wiki tatu, wengi wakamwona kichaa na kuondoka. Lakini waliorudi walikuta kiti chenye jina lao, na kikaratasi alichokiandika kwa mkono, kwamba kimechongwa na Haron Mwololo wa nyumba ya Kithome, Mwala. Mama huyu si Mkamba, si wa ukoo wetu, dini yetu si yake, na hakuwahi hata siku moja kuhitaji kufundishwa heshima. Ahsante, Mama, shusha mkono.

Duka hilo lilipofungwa kaka yangu alikaa wiki sita bila mtu wa kumuuliza kiti, na ndipo Jumatatu ya tarehe 9 Februari 2004 akaja Bwana Zadock Sifuna, mwenye kampuni ya samani huko Kileleshwa, kampuni ambayo sitaitaja jina kwa sababu sikuja hapa kuifanyia matangazo ya bure. Alikuja kwa adabu, nakiri, alivua kofia, akaamkua kwa mikono miwili, akasema amechoshwa na samani za kuletwa kutoka nje, anataka kujifunza kazi ya wazee wetu, na kaka yangu akamkunjulia moyo wote, jamani, kama mtu aliyepotelewa na mtoto akamwona anaingia mlangoni. Miezi minane alimfundisha, alimwonyesha namna ya kuuweka waya bila kupasua mbao, alimpa chai ya shemeji yangu, na zaidi ya yote alimketisha chini kwenye vumbi, akamuuliza jina lake na la babake na mahali alipozaliwa, akamchongea kiti chake mwenyewe, chenye jina Zadock Wekesa Sifuna chini yake. Aliambiwa jambo moja tu, kwamba kile cha ukutani ni cha kuangalia kwa macho.

Oktoba mwaka huo tulikuwa na mazishi ya shangazi yetu Mwala, kibanda kikabaki chini ya Ephantus, naye Ephantus alimwona Bwana Zadock akipanda juu ya meza, akakiteremsha kiti cha baba yetu, akakipima kwa futi, akakipiga picha juu, chini na ubavuni, akakirudisha, na alipoulizwa akajibu kwamba mzee amemruhusu. Baada ya siku hiyo hakuonekana tena Jamhuri, hata simu hakushika. Kiti alichochongewa alikisahau pale pale kwenye kona, wala hakuwahi kukijia.

Ijumaa tarehe 5 Agosti 2005, katika hoteli moja katikati ya jiji, kulikuwa na sherehe, mvinyo na hotuba, na Jumamosi yake Syombua akaleta gazeti hapa nyumbani, limeonyesha kiti cha babu yake katika rangi, kimetengenezwa kwa mashine, miduara imebandikwa kwa gundi, na maelezo yanasema kimebuniwa na Zadock Sifuna. Kimebuniwa! Baba yetu alizikwa miaka thelathini na sita kabla ya siku hiyo, na bado kuna mtu amekibuni kiti chake huku akinywa mvinyo. Kaka yangu alilisoma gazeti lile mara mbili, akalikunja vizuri, akaenda kulisha ng'ombe.

Kwa miezi sita alimsubiri Zadock aje ajieleze, na alipoona haji, Jumanne tarehe 21 Februari 2006 alivaa koti lake la kanisani, akamchukua Syombua, wakaenda Kileleshwa. Wakasimamishwa getini na askari kwa muda wa saa mbili na nusu, mzee wa miaka sitini na saba, kwenye jua, huku magari yakiingia na kutoka, na walipoingizwa hakudai chochote kigeni, aliomba kitu kimoja, kwamba kwenye vile vikaratasi vinavyouzwa pamoja na kiti iandikwe kwamba miduara hiyo ni ya nyumba ya Kithome, Mwala. Maneno hayo tu, kijana wa darasa la tatu angeyaandika kwa dakika moja. Bwana Zadock akamjibu, Syombua akiwepo na akisikia, eti mzee wangu tulia, design ni design, utamaduni ni wa Wakenya wote, hauna mwenyewe, halafu akamvutia mojawapo ya viti vile akamwambia karibu uketi. Akamwambia aketi juu ya babake! Kaka yangu alibaki amesimama mpaka mwisho, akaaga kwa heshima, akatoka.

Bwana Zadock, wewe una kwenu, kwenu ni Bungoma, na Bungoma kuna wazee wanaotengeneza litungu, ile ala yenu ya nyuzi, wanajua ni mti gani na ni nani alimfundisha nani, sasa hebu fikiria mimi Dedan nilichukue litungu la babu yako mzaa baba, nilipige gundi, nilitundike hotelini na kusema nimelibuni hapa Mutuini, ungeniambia ni la Wakenya wote? Kwani ungeniacha na meno yangu? Usiinamishe kichwa, nakuuliza swali la darasani.

Mchungaji ananiangalia, Mchungaji nivumilie kidogo, nafika mahali penyewe. Katika nyumba yetu mwenye kiti anapofariki, mwanawe wa kwanza huchukua waya mmoja mnyoofu na kuupigilia katikati ya miduara, kutoka ukingo hadi ukingo, huko ndiko kukifunga kiti, na kikishafungwa hakikaliwi na mtu aliye hai, kinatundikwa. Kiti cha baba kilifungwa na kaka yangu tarehe 14 Julai 1969, mimi nikiwa nimemshikia taa ya chemli ndani ya nyumba ya mama. Na Bwana Zadock, fundi mbunifu, alipokipima kile kiti kwa futi alinakili kila kitu, akanakili na waya wa kufungia, akadhani ni urembo, na kwenye katalogi yake, ninayo hapa mfukoni, ameandika kwamba mstari huo wa katikati ni njia ya msafiri wa Kiafrika. Msafiri! Kwa miaka minne amewauzia watu viti vya maiti, hoteli ile ya jiji ina arobaini na vinane kwenye baa, kuna mikahawa, kuna ukumbi mmoja wa harusi, maharusi wanaketishwa hapo wapigwe picha, na yeye mwenyewe, Syombua alikiona, anacho kimoja nyuma ya meza yake ofisini, anakikalia kila siku ya Mungu.

Kaka yangu aliligundua siku ile ile ya gazeti. Nilimsihi mara nyingi amwambie huyu mtu, nikasema hata kwa ajili ya wale maharusi tu, naye akanijibu kwamba aliyekuja kuuliza ataambiwa, na aliyechukua bila kuuliza amechukua na hilo, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mkiniuliza kama hiyo ilikuwa roho ya Kikristo nitawaambia sijui, ninachojua ni kwamba ilikuwa haki yake kunyamaza, na kwamba kunyamaza huko kumekwisha leo, kwa sababu mimi sina subira yake, na nataka kila mwenye kiti hicho ajue anakalia nini. Dada wa kamera, umelipata hilo? Vizuri.

Kikohozi hicho ndicho kilichokuja kumwondoa. Vumbi la mbao lilikuwa limekaa kifuani miaka mingi, kuanzia Juni 2007 alishindwa kupanda kilima cha hapa nyumbani bila kupumzika, mwaka 2008 alilazwa mara tatu, na tarehe 27 Aprili mwaka huu akalazwa mara ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi tarehe 9 Mei, kaka yangu akipumua kwa mpira puani, Bwana Zadock alipoingia wodini na ndizi, maua na karatasi. Kumbe wanunuzi wake wa ng'ambo wameanza kuuliza viti hivi vimetoka kwa nani, hawanunui tena bila kuonyeshwa asili, kwa hiyo lile jina ambalo mwaka 2006 halikuwa na maana sasa limekuwa la lazima, na karatasi ilitaka marehemu akubali viti viitwe vya Mwololo, na akiri kwamba miduara hiyo waliibuni pamoja. Pamoja! Kaka yangu hakuweza kusema sana, alimwomba Syombua amrudishie mgeni maua yake, akageukia ukuta. Akaaga dunia Alhamisi tarehe 14 Mei 2009, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemwita babu na kumkata kucha, nawashukuru majirani wa Mutuini waliotuletea kuni, maji na sufuria na kulala nasi siku tisa, kanisa, Mama Hemlata, na mafundi wa Jamhuri waliofunga vibanda vyao siku mbili wakamtengenezea mwenzao jeneza hili mnaloliona, la mbao za kawaida, halina urembo wowote, kwa ndani chini ya kichwa limeandikwa jina lake na la babake.

Na mwisho namshukuru Bwana Zadock Sifuna, ambaye Jumatano hii alituletea jeneza lingine, la bei kubwa, lenye miduara ya baba yetu kila upande, na ndani ya bahasha ya rambirambi akaweka ile karatasi ya hospitalini, isainiwe sasa na mjane, na akamtuma dada wa kamera aje achukue picha za fundi akizikwa ndani ya kazi yake. Shemeji Kavinya aliisoma, akaiwashia jiko. Jeneza hatukulichoma, ni mbao nzuri, ila lilikuwa na kasoro ileile ya siku zote, limetengenezwa bila kujulikana ni la nani, na katika nyumba hii hatuachi kazi ikiwa hivyo. Kwa hiyo nilimwomba Ephantus alimalizie, na jana mchana, kwa waya wa shaba na nyundo ya marehemu, ameandika juu ya kifuniko, kwa herufi alizofundishwa na kaka yangu, Zadock Wekesa, mwana wa Sifuna, mzaliwa wa Bungoma, mkaaji wa Kileleshwa. Liko nje, nyuma ya pikapu, limefunikwa turubai, tukitoka kaburini, Bwana Zadock, utasaidiwa kulifikisha kwako. Waya wa katikati hatukuupigilia, huo husubiri siku yake.

Pumzika kwa amani, kaka, hasira niachie mimi.